Nilijua Mdogo Wangu Anavyoishi Guangzhou, Nikanyamaza

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita, Mkenya, naishi Louisville, Marekani, upande wa Iroquois. Kazi yangu ni kutunza wazee. Naishi na mama yangu mzazi, ndiye hubaki na watoto nikiwa zamu. Kaka yetu mkubwa yuko Buffalo. Tulizaliwa watatu. Kitinda mimba, nitamwita Musa, alifariki mwaka jana huko Guangzhou, China, akiwa na miaka ishirini na tisa.

Musa alifundisha chekechea. Kila Jumapili asubuhi kabla hatujaenda kanisani, kwake ikiwa usiku, alitupigia simu ya video. Nyuma yake tuliona sakafu ya marumaru, taa nzuri na mti ndani ya chungu kikubwa. Mama alikuwa akiita wajukuu, "Njooni muone sebule ya mjomba wenu!" Siku moja mwanamke akapita nyuma yake akimvuta mtoto mkono. Mama akaruka, "Musa! Huyo ni nani? Umeoa bila kutuambia?"

"Ni jirani, mama. Amekuja kuomba chumvi."

Mama alicheka wiki nzima. "Kumbe hata Wachina huombana chumvi."

Mimi nilikuja kujua ukweli siku alipougua akashindwa kutoka, akanipigia akiwa kitandani. Kilikuwa kitanda cha ghorofa, wanaume wanne chumba kimoja. Sufuria ya umeme ya wali ilikuwa sakafuni karibu na viatu, na dirisha limezibwa kwa katoni. Ile sebule ilikuwa ukumbi wa duka kubwa. Alienda pale kwa sababu ya intaneti ya bure, akishika simu kwa namna ambayo maduka hayaonekani. Mshahara wake ulikuwa mdogo. Akishalipa chumba na kutuma ya dawa za baba, aliyekuwa amebaki nyumbani Kenya, kilichobaki kilikuwa wali na mayai mpaka mwisho wa mwezi.

"Dada, niapie hutamwambia mama," alisema. "Furaha yake ni ile sakafu." Nikaapa.

Kisha baba akafariki. Sisi wengine tulikata tiketi. Musa akanipigia, sauti yake ya chini sana. "Dada, nauli siiwezi. Unaweza kunishika mkono?"

Hapa ndipo penye dhambi yangu. Nilikuwa na akiba ya kununua gari, kwa sababu langu lilikuwa linazima barabarani. Nikamjibu, "Musa, hata mimi nimebanwa." Akasema, "Basi usijali. Nitawaambia nina mkutano kazini."

Siku ya mazishi kaka akasema mbele ya watu, kaburi likiwa bado wazi, "Ati mkutano! Mwalimu wa chekechea ana mkutano na nani, na rais wa China?" Watu wengine wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika udongo wa kumrushia baba. Nikautupa, nikanyamaza. Niliporudi Louisville nilinunua gari.

Baadaye Musa aliugua kifua. Alidhani ni homa ya kawaida, akaenda kazini, akaanguka mbele ya watoto aliokuwa akiwafundisha. Nanyi mnatujua sisi tulio nje: mtu akifa, mchango wa kusafirisha mwili hadi nyumbani huanza siku hiyo hiyo. Kanisa letu lilichanga, watu wa Columbus na Buffalo wakachanga. Ndani ya siku nne tu, maiti ya Musa ilikuwa na nauli. Alipokuwa hai akitaka kumzika baba yake, aliomba mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi.

Kaka alitoa kuliko wote. Akaniambia, "Natoa kwa ajili ya mama. Huyo kijana sijamsamehe."

Tangu hapo Musa haniachi. Nikiwa kazini namgeuza mzee kitandani, nasikia nyuma yangu kile kikohozi chake alichokuwa akikificha kwa kiganja. Nageuka, hakuna mtu. Tukiwa wadogo alimenya chungwa ganda lisikatike, akanivisha mkononi kama bangili. Juzi binti yangu alianza kumenya chungwa, nikamnyang'anya bila sababu, akalia. Na kuna ujumbe wake wa sauti kwenye simu yangu, "Dada, umefika nyumbani?" Kwa nyuma unapigwa muziki wa lile duka. Sijaufungua kwa miezi, lakini nikiwa peke yangu ndani ya gari muziki ule huja wenyewe.

Sasa kuna ibada ya ukumbusho Jumamosi ijayo kwa shangazi yetu huko Hilliard, Columbus, kwa kuwa ndiko katikati yetu na kaka. Mama atazungumza. Namsikia akifanya mazoezi jikoni, "Mwanangu aliishi vizuri. Mungu alimpa nyumba ambayo mimi sikuwahi kuiota." Kaka naye amesema atakuja kwa heshima ya mama, ila picha ya Musa hataishika. "Mtu asiyemzika baba yake nimshikie picha ya nini?"

Nilijaribu kumwambia kwenye simu. "Kaka, labda hatukujua alivyoishi."

"Alivyoishi? Si wewe mwenyewe uliiona hiyo nyumba kila Jumapili?"

Nikasema, "Niliiona." Mungu anisamehe.

Nikisema ukweli, namnyang'anya mama kitu cha pekee kinachomlaza usingizi, na navunja kiapo cha marehemu. Nikinyamaza, Musa anabaki na jina la mtoto aliyemtupa baba yake. Nimekuwa nikijiambia nanyamaza kwa sababu ya mama. Lakini kwenu, kwa kuwa hamnijui, nitasema: naogopa kaka akiniuliza, "Na siku hiyo wewe ulikuwa na nini mfukoni?"

Ndugu zangu, hasa mliowahi kubeba siri ya mtu aliyekwisha kuzikwa, msinionee huruma, nielekezeni. Nimwambie kaka peke yake na kumwacha mama na furaha yake? Au niwaketishe wote wawili, niseme yote, hata langu?