Siku Papa Alipomwita Mnyama Wangu

Yule mnyama alikuwa na macho manne na meno ya kutafuna chuma, na aliniua mara nyingi kabla hajanizoea. Nasema "aliniua" kwa sababu ndivyo tunavyosema katika chumba cha michezo cha mtaa wetu, hapa Kisangani: huyu amekufa, yule ameuawa, leta manette, zamu yangu. Manette ndicho kishikio chenye vitufe vya kuchezea. Mchezo wenyewe ni wa chini ya maji, kwenye sayari nyingine. Chombo chako kimeanguka baharini, hewa ni kidogo, na kila kiumbe kinachoogelea kinakutaka kwa chakula.

Wavulana wote waliucheza kwa kisu. Mimi nilikuwa msichana peke yangu mle ndani, shule niliiachia darasa la sita, asubuhi nauza mikate ya kukaanga, mchana nangoja zamu.

"Dada, sufuria yako inaungua kule!"

"Ikiungua, kesho asubuhi mutakula majivu. Nani mwingine anawalisha?"

Walicheka, nami nikacheka. Lakini kisu sikukipenda. Nilishika samaki mdogo, nikamnyoshea yule mnyama, nikatulia. Akaniuma. Kesho yake tena akaniuma. Wiki zikapita hivyo, mpaka siku moja akachukua samaki, akauacha mkono. Tangu hapo, kila nilipobonyeza kitufe cha kunyosha mkono, alitoka kwenye pango lake akanizunguka kiunoni kama paka. Alinisindikiza hata kwenye kina kile ambacho wavulana wakishuka hawarudi.

"Ile nyama iko na roho ya mutu," alisema tonton, yule mzee mwenye chumba.

Nilikuwa na sababu yangu ya kumfuga, na sikumwambia mtu. Sababu ilikuwa Papa, baba yangu.

Papa ni mvuvi wa maporomoko. Watu wetu husimamisha miti mikubwa katikati ya maji yanayokimbia, huifunga kwa kamba za msitu, kisha huning'iniza vikapu vikubwa vya kunasa samaki. Kelele ya maji pale haikubali maneno, kwa hiyo huitana kwa mkono. Ukinyosha mkono, kiganja chini, mwenzako anajua: njoo, kikapu ni kizito. Mwaka jana, mto ukiwa umejaa, Papa alinyosha mkono. Kaka yangu mkubwa akaja mbio juu ya miti, akicheka kama kawaida yake. Mti mmoja ukang'oka. Tulimpata siku ya tatu, mbali, upande wa Yanonge.

Papa hakukanyaga tena mawe ya mtoni. Kikapu chake kililala nyuma ya nyumba, kuku akakifanya mahali pa kutagia. Mama akaanza kwenda Yanonge kununua samaki wa kuja kuuza. Sisi, nyumba ya wavuvi, tukinunua samaki! Na maji yalikuwa yanashuka. Yakishuka, kila nyumba husimamisha miti yake upya mahali pake. Nyumba isiyosimamisha, mahali pake hupewa wengine. Wazee walituma neno: tunamngoja mpaka Jumamosi.

Mimi ni mtu wa ndoto, ndivyo nilivyozaliwa. Nilifikiri, Papa akiona kwa macho yake kwamba kitu cha majini chenye meno kinaweza kumwachia mtu mkono wake, labda Jumamosi atasimama. Msinicheke. Nilikuwa na hakika kabisa.

Alhamisi mchana nikamshika mkono, tukatoka.

"Unanipeleka wapi, mama?" Papa huniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Kuona rafiki yangu mumoja."

"Iko mwanaume?"

"Iko na macho ine, Papa."

Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kwangu ilikuwa sikukuu.

Wavulana walimpisha kiti. Aliishika manette kama mtu anayepima kuku wa kununua. Nikamwonyesha: hapa unaogelea, hapa unanyosha mkono. Hiki cha pembeni ni kisu, hatukitumii.

Alibonyeza. Mkono ukanyoka kwenye kioo cha televisheni, kiganja chini, umeshika samaki.

"Tala, ona!" akasema. "Anaita kama sisi."

Mnyama akatoka pangoni. Alikuja polepole, mkia ukicheza, macho yake manne yakiwaka. Wavulana wakasogeza vichwa mbele. Akafungua mdomo kidogo tu, kama nilivyomzoeza, akachukua samaki mkononi mwa Papa.

Na kwetu, samaki akifika mkononi hupigwa hapo hapo, kabla hajajigeuza kurudi majini. Hakuna anayefikiri, mkono ndio unaofikiri. Kidole cha Papa kikaenda kwenye kisu. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji ya kioo yakageuka kijani, maana damu yake ilikuwa ya kijani.

"Nimeipata!" Papa alisimama, kiti kikaanguka. "Nimeipata, mama! Ona ukubwa yake! Leo tunakula!"

Alikuwa anacheka. Nililiona hata lile jino lake lililovunjika, ambalo nilikuwa nimelisahau. Na pembeni mwa kioo ile alama ndogo ya kuhifadhi ilikuwa inazunguka. Mchezo wangu unajihifadhi wenyewe: mchezaji hufufuka, lakini mnyama aliyekufa hapo amekufa. Nilifungua mdomo niseme, bravo Papa. Naapa ndivyo nilivyotaka kusema. Ila mvulana mmoja alinitangulia, bila ubaya wowote.

"Aa, Papa! Ile ilikuwa yake ya kufuga. Ilikuja sababu uliiita."

Papa akatazama kioo, kisha akanitazama mimi.

"Ni kweli?"

"Iko muchezo tu, Papa. Nitafuga ingine."

"Ilikuja sababu niliiita."

"Papa, muchezo..."

"Nilinyosha mukono, ikakuja."

Akaiweka manette chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akatoka. Nilimfuata mpaka nyumbani hatua tatu nyuma. Njia nzima mkono wake wa kulia alikuwa ameubana kwapani.

Jumamosi nilimfukuza kuku, nikakisugua kikapu, nikakiweka mlangoni karibu na chai yake. Papa alikitazama. Kisha akachukua kiti, akaenda kukaa upande ule mwingine wa nyumba. Jua lilipopanda tulisikia wanaume wakivuta miti mtoni, hata nyimbo zao tulizisikia. Mahali petu sasa pana miti ya watu wengine. Siwalaumu, walitungoja.

Kwenye chumba cha michezo bado naenda, na utani bado naufanya. Nimempata mnyama mwingine wa aina ileile, kwenye pango la mbali. Anakuja ametoa meno, samaki ninaye, najua kila kitu cha kufanya.

"Dada, nyosha mukono basi!" wavulana wanapiga kelele.

Kidole kinafika kwenye kitufe, kinakataa. Namwacha aniue, kisha nampa manette anayefuata.