Grisi na Injini ya Matoleo Matatu

Wateja walimwita Grisi, na jina hilo hakuwahi kulichukia. Alichochukia ni kuitwa msaidizi. Gereji baba yao aliwaachia wote wawili, yeye na kaka yake, lakini kaka ndiye aliyekaa mbele na shati lililopigwa pasi, akipokea watu. Grisi alikuwa chini ya magari.

Gari la marehemu baba lilikuwa zito, kila kilima linahema. Grisi akaanza kulihangaikia. Bloku, mwili wa injini, aliiacha ileile ya zamani, maana chuma chake kilikuwa kinene. Akazunguka kwenye vyuma chakavu mpaka akapata silinda hedi, kichwa cha injini, ya toleo la baadaye la kiwanda hichohicho, yenye valvu pana, inayovuta hewa vizuri. Alipovikutanisha, tundu la mafuta halikuoana. Akaliziba, akatoboa jingine. Gasketi ya zamani ya kuziba katikati yao ikavuja, ya toleo jipya nayo ikavuja, ikakubali ya toleo la katikati. Siku gari lilipopanda kilima limejaa watu bila kushusha gia, alicheka kwenye usukani kama mwehu.

Wiki hiyohiyo, akiwa chini ya lori, akamsikia kaka akimwambia mteja mwenye pikapu, "Injini hii nimeiunda kwa mikono yangu."

"Na huyo dada?"

"Ah, huyo ananisaidia kukaza nati."

Grisi akatoka. Hakupiga kelele. Alifunua boneti ya gari la baba, akafungulia maji ya rejeta, yakamwagikia viatu vya kaka.

"Unafanya nini?"

"Nachukua changu."

Bolti alizilegeza kidogo kidogo, za pembeni kwanza, kisha za katikati; pamoja na hasira zote zile, hedi hakukubali ipinde. Mwenye pikapu alitazama mpaka mwisho, akaondoka bila kuaga. Kaka alibembeleza, akatisha, bure.

Nyumbani aliitua hedi mezani. Mama yao akaacha kukunja nguo.

"Hicho nini, mwanangu?"

"Injini aliyoiunda mwanao kwa mikono yake."

"Mrudishie. Mtu na kaka yake hawagombani kwa ajili ya chuma."

"Mama, ungemwambia yeye hivyo, ningekuelewa."

Mama akarudi kwenye nguo zake. Hilo lilimchoma Grisi kuliko maneno ya gereji.

Hakurudisha. Alipanga kibanda ng'ambo ya barabara, na mteja wake wa kwanza akawa yule mwenye pikapu. Kaka alifunga hedi ya zamani, gari likarudia kuhema. Wakipishana wanatikisiana kichwa tu. Ukimwuliza Grisi kama hasira imemwisha, anakujibu mikono ikiwa ndani ya injini, "Aje aseme mbele ya mteja yuleyule nani aliiunda. Akisema, nitamwita kaka."

Mpaka leo anamwita jirani.