Kabati la Ukumbini

Nyie vijana mnaokwenda vyuoni mkarudi na vyeti vya kupanga nyumba za watu, someni haya kabla hamjashika futi. Mie shule niliishia darasa la pili. Mjukuu wangu kanisahihishia herufi, maneno sikumruhusu ayaguse.

Enzi za Mwingereza tulikaa Temeke, nyumba ya miti na udongo, bati juu. Mbele baraza, nyuma ua wenye jiko na choo, na katikati ukumbi uliotoka mlango wa mbele mpaka mlango wa uani, vyumba huku na huku. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wangu, na mie nilikuwa mke wa mwanawe wa pekee. Mwaka huo mama mkwe aliugua kifua. Alilala chumba cha kwanza kulia, na mlango wake ulikuwa pazia tu. Alisikia kila kitu, hata kijiko kikianguka uani.

Siku moja mume wangu, aliyekuwa karani ghalani bandarini, akaja na msichana wa Kizungu. Mkubwa wake kazini alimwambia amtafutie nyumba ya Waswahili ya kupima.

"Memsabu huyu ni mwanafunzi," akasema. "Anasomea ndani ya nyumba."

"Ndani ya nyumba kunasomewa nini?"

"Kitanda kikae wapi, meza ikae wapi, mtu apite wapi."

"Hakupata chuo cha maana?"

Akanikata jicho. Akanivuta pembeni akanieleza kwamba msichana yule amekwisha maliza chuo kikuu kwao, amepewa shahada, kisha akarudi tena darasani kutafuta shahada ya juu ya ile, na kazi atakayoifanya nyumbani kwetu ndiyo watakayomtahini nayo. Nilishtuka, sikujua niweke wapi mikono. Mie pa kuweka kitanda nilifundishwa na kungwi wangu siku nilizowekwa ndani, na cheti sikupewa.

Akawa anakuja kila asubuhi. Viatu alivua barazani bila kuambiwa, hilo nililipenda. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka kama kimepigwa pasi. Alipima kitanda, akapima mtungi, akapima kutoka jikoni mpaka mlangoni. Alinipima na mie nimeinama napuliza moto, akaandika. Mama mkwe akapata cha kumchekesha.

"Mwanangu," akamwita kutoka nyuma ya pazia, "ukimaliza vyungu uje upime na kikohozi changu."

"Kipimo chake sina, mama," yule msichana akajibu, wala hakutabasamu.

Mama mkwe alicheka mpaka kikohozi chenyewe kikaja.

Baada ya wiki mbili akatandaza karatasi kubwa juu ya mkeka. Nikaona nyumba yetu imeezuliwa paa. Chumba changu kile, kitanda changu kile, hata kanda la nguo chafu. Nilivuta kanga nikajifunika kifua kama mtu aliyekutwa anaoga. Mume wangu yeye alitazama kwa fahari, kana kwamba kachora yeye.

Ukumbi ulikuwa umepakwa rangi nyekundu.

"Hapa pana nini?" nikauliza.

"Ndipo ninapotaka kukuuliza wewe," akasema. "Vyumba vyenu vimejaa. Vyombo viko chini ya vitanda. Lakini ukumbi huu mrefu ni mtupu. Kazi yake ni nini?"

Tulikuwa tumesimama pale pale ukumbini, pazia la mama mkwe likinigusa bega. Jibu nilikuwa nalo, na mume wangu alikuwa nalo. Mtoto wa mtaani kwetu angekuwa nalo. Ukumbi unaachwa wazi ili siku ya msiba jeneza liingie, ligeuke mlangoni pa chumba, litoke na mtu wake kwa mlango wa mbele. Lakini penye mgonjwa jeneza halitajwi. Ni uchuro, ni kukiita kinachoogopwa. Nikamtazama mume wangu, akatazama bati.

"Pa kupita tu," nikasema. "Na upepo."

Akaandika. Niliiona kalamu inavyokwenda nikajua nimesema uwongo na sasa umeingia kitabuni.

Kwa jibu langu lile akabuni kabati. Alitaka alijenge kweli, watahini wake waone picha zake na watu wakilitumia. Refu, kutoka sakafuni mpaka juu, limeshika ukuta wa kushoto wote kati ya mlango na mlango, kukabili mlango wa mama mkwe. Nguzo zake zichimbiwe chini na kukandikwa udongo lisitikisike. Mume wangu akakubali. Aliyesoma vyuo viwili, alisema, hawezi kushindwa na aliyesoma kimoja, na sie hata hicho kimoja hatukusoma.

Akaitwa fundi seremala wa mtaani, mtu mzima. Akapima ukumbi, akalitazama pazia, kisha akanitazama mie.

"Litaziba hili, mama," akasema polepole.

"Ndivyo memsabu anavyotaka."

"Haya." Akachukua msumeno. Na yeye akanyamaza.

Kabati likasimama. Lilikuwa zuri, sisemi uwongo wa pili. Vyombo vikatoka chini ya vitanda, majirani wakaja kuangalia. Nafasi iliyobaki ilimtosha mtu mmoja, na mwenye ndoo apite ubavu. Yule msichana akapiga picha, akasema atarudi baada ya siku chache kumaliza michoro.

Jioni ile nilimpelekea mama mkwe uji. Akanywa vijiko viwili akakisukuma kikombe.

"Kabati zuri," akasema. "Ukinyoosha mkono kutoka hapa mlangoni, unaligusa?"

"Nalifikia kwa viganja, mama."

"Mie nyumba hii niliingia kwa mlango wa mbele, mwanangu. Nilipigiwa vigelegele. Kwa mlango wa mbele nataka..."

"Utapona, mama," nikamkata. "Kunywa uji."

Akaugeuza uso ukutani. Nilichukua kikombe nikatoka, na moyoni najisifu kwamba nimemkinga na uchuro.

Siku ya nne yake alfajiri akafariki.

Tukamwosha, tukamvika sanda chumbani mwake. Karibu na adhuhuri wanaume wakaleta jeneza kutoka msikitini. Likapita mlango wa mbele, likafika penye pazia, likakwama. Kichwa chake kimegota kwenye kabati, mikono yake ya kubebea nyuma imegota ukutani. Wakalirudisha, wakalijaribu kwa upande, wakalizungusha waje nalo kutokea uani. Ni yale yale, maana kabati ndilo lililokabili mlango. Tulio ndani tulisikia mbao zikigongana na mtu akisema, "Taratibu," na mwingine, "Taratibu wapi, hapana nafasi."

"Atolewe mikononi mpaka barazani," mmoja akashauri.

"Mwanamke hatolewi na sanda tu mbele za watu," akajibu mzee wa msikitini. "Ataingia jenezani humo chumbani, afunikwe."

Kisha nikasikia sauti, mpaka leo sijamjua nani, inasema, "Basi dirisha. Livunjwe dirisha."

Mama aliyeingia na vigelegele atoke kwa dirisha kama mali iliyoibwa. Na ni mie niliyesema pa kupita tu.

Nikainuka pale kwa wanawake. Nikatoka nimejifunika, nikapenya ubavu kati ya wanaume na kabati, nikaenda uani nikalitwaa shoka la kuni. Wakanipisha. Nikalitia mikononi mwa mume wangu.

"Vunja."

"Mke wangu, watu..."

"Watu ndio wanaongoja. Mama naye anangoja. Vunja."

Akavunja. Hamjasikia sauti mbaya kama ya shoka ndani ya nyumba ya msiba. Sahani zilianguka, udongo wa ukutani ukashuka, vumbi likaingia mpaka kwa maiti. Waliokuwa barazani waliinamisha vichwa kama wanaona aibu kwa niaba yetu. Nguzo ya mwisho ilipong'oka, niligeuka nikamwona yule msichana amesimama mlangoni na karatasi zake kwapani, mweupe kuliko karatasi.

"Kwa nini?" akaniuliza.

Nikamwonyesha jeneza. Akalitazama, akautazama ukumbi, na nikaona amefahamu bila kuelezwa neno.

"Nilikuuliza," akasema. "Mbona hukuniambia?"

"Mama alikuwa anasikia."

Alirudi nyuma akapisha, na mama mkwe wangu akatoka kwa mlango wa mbele.

Siku ya tatu, matanga yanaondolewa, yule msichana akaja amejifunga kanga kichwani. Alikaa na wanawake mkekani, akala tulichokula. Kisha akaniinamia sikioni: "Jeneza lina urefu gani?"

Nilishtuka, kijiko kikabaki hewani. Lakini nikafikiri, nani anayesikia sasa? Nikamwambia mume wangu ampeleke msikitini. Alinisimulia baadaye kwamba memsabu alilipima jeneza kwa futi pale nje, pamoja na mikono yake ya kubebea, na waliokuwa wakitawadha waliacha maji yakimwagika.

Akarudi, akaitandaza ile karatasi, akaifuta ile rangi ya ukumbini kwa raba. Haikutoka yote, ilibaki kama alama ya kidonda. Juu yake akachora jeneza linavyogeuka kutoka chumbani kwenda mlango wa mbele. Alisema atawaeleza walimu wake kwamba amekosea. Nikamwambia awaeleze pia aliyemkosesha.

Alipoondoka nikawaita wote wa nyumba, nikianza na mume wangu, nikawasimamisha pale palipokuwa na kabati. Nikawaambia: kuanzia leo ukumbini hapawekwi kitu, si kinu, si ndoo, si baiskeli ya mgeni. Na mtu akiuliza pana kazi gani, aambiwe, hata kama mgonjwa anasikia, na hata siku mgonjwa atakapokuwa mie.