Jicho la Kushoto la Orpa

Orpa alikuwa na miaka mitano wazazi wake, Byamungu na Madeleine, walipokimbia vita kule Fizi, Kongo, wakapokelewa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini mwa Uganda. Walipewa turubai na kipande cha shamba. Hakuna aliyejua kwamba mtoto huyo alikuwa akiona kwa jicho moja tu. Hata yeye mwenyewe hakujua. Alikimbia, alichota maji, alichambua maharagwe, akidhani watu wote huona hivyo.

Iligundulika mwaka 2007, muuguzi alipopita shuleni kupima macho. Alipoziba jicho la kushoto la Orpa, mtoto alisoma herufi zote. Alipoziba la kulia, Orpa akauliza, "Karatasi iko wapi?"

Madeleine alimpeleka Mbarara. Katika kliniki ndogo ya macho walimkuta Jaliah, mama mwenye hijabu na koti jeupe, ambaye kazi yake ilikuwa kupima watu miwani. Alijaribu lenzi moja baada ya nyingine, kisha akavuta kiti karibu na Madeleine.

"Mama, hii jicho ya kulia iko mzuri. Hii ya kushoto haina kidonda, lakini tangu azaliwe inaona ukungu tu. Sasa kichwa yake imezoea kuiacha. Ni kama mtoto wa kubebwa kila siku: miguu iko, lakini hajui kutembea."

"Lunette itaiponesha?" Madeleine aliuliza.

"Miwani peke yake, hapana. Lazima tufunge ile nzuri, ndiyo hii ifanye kazi. Na tumechelewa kidogo."

Alimvalisha Orpa fremu ya majaribio, lenzi nene kushoto, kioo kitupu kulia. Orpa alisimama, akapiga hatua, akashika ukuta. Sakafu ilikuwa imeinama. Mlango ulikuwa na kivuli kikubwa kuliko wenyewe. Akatapika.

"Macho yake yanagombana," alisema Jaliah, akimfuta mdomo. "Moja inaleta picha kubwa, ingine ndogo. Tutaanza na nguvu kidogo. Akizoea, tunapandisha."

Kuanzia hapo, kila Orpa aliporudi kutoka shuleni, Madeleine alimbandika plasta kwenye jicho la kulia, lile zima, na kumvalisha miwani. Dunia ikageuka moshi. Orpa alijikwaa kwenye kamba za mbuzi, akaunguza vidole kwenye sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Watoto wa jirani wakampa jina.

"Mama, bananicheka. Banasema niko chongo."

"Vumilia, mwanangu. Hii jicho ijifunze."

Byamungu hakuweza kutazama. Risasi ilimharibu mkono wa kushoto siku walipokimbia, na kwake hilo lilikuwa jibu la kila jambo. "Unamufanya mutoto kipofu juu ya nini? Alikuwa anaona!"

"Alikuwa anaona na moja."

"Moja inatosha. Mimi ninalima na mukono moja."

Mwaka ulipopita, jicho la kushoto lilisoma mstari wa tatu. Jaliah alipiga makofi, akaongeza nguvu ya lenzi. Walikuwa katikati ya njia. Kisha mvua ikakosekana, mgao wa chakula ukapunguzwa, Byamungu akaugua kifua, na safari za Mbarara zikakoma. Orpa aliificha miwani chini ya mkeka mpaka ikakanyagwa. Madeleine aliviona vipande, akavifagia. Alikuwa amechoka. Orpa alirudi kukimbia na wenzake, na nyumba nzima ikapumua.

Mwaka 2012, Orpa alipokuwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa akipasua kuni nyuma ya nyumba. Kibanzi kiliruka kikamchoma jicho la kulia. Jirani alimtia maji ya majani. Walipofika hospitali mjini baada ya siku kadhaa, usaha ulikuwa umejaa ndani, na daktari hakuwa na la kufanya ila kuliondoa jicho.

Kovu lilipokauka, Madeleine alimrudisha kwa Jaliah. Jaliah aliwatambua mara moja. Alimtazama binti, akamtazama mama, wala hakuuliza kwa nini hawakurudi. Akafungua sanduku la lenzi.

"Sasa ninaweka nguvu yote," alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna tena jicho ya kugombana nayo."

Safari hii sakafu haikuinama. Orpa alikaa akitazama ukuta kwa muda mrefu. Aliona herufi za juu, zile kubwa, na uso wa mama yake alipouleta karibu. Madeleine alikuwa analia.

"Itaongezeka?" Orpa aliuliza.

"Kidogo, labda. Wengine inaongezeka. Lakini vaa hii miwani kila siku, hata kama unaona haisaidii. Ni ya kulinda hiyo moja."

Iliongezeka kidogo, kisha ikasimama. Hakuweza tena kusoma ubao wa darasani, na Orpa akaacha shule. Kufikia 2015 alikuwa akiuza mafuta ya kupikia pamoja na mama yake sokoni. Mwanzoni aliyamwaga nje ya chupa za watu, kwa sababu hakujua mdomo wa chupa uko mbali kiasi gani, nao wakamfokea. Sasa huweka kidole kwenye mdomo wa chupa, huinamisha kopo taratibu, na mafuta yakimgusa kidole hujua yameingia. Wateja wenye haraka huenda kwa wengine. Wanaobaki husimama kimya mpaka amalize.