Upande wa Kushoto wa Mbwa

Asubuhi ya mwisho mke wangu Gumato alidondosha tone la maziwa juu ya ukucha wa kidole gumba, kama siku zote. Maziwa mazuri hukaa hapo. Tone lile liliteleza likaanguka. Akamwinulia macho Wario, mtu aliyetuletea maziwa kwa punda, akamwuliza kama siku hizi ng'ombe wake wananywea maji ndani ya kibuyu. Wario akaapa. Gumato akamwambia asiape kabla hajanywa chai. Akamrudishia kibuyu kimoja, akabaki na viwili.

Kisha akanipa chai yangu. Akasema sukari ya juzi ina unyevu, na kwamba Irungu mwenye duka anaweka gunia karibu na mtungi wa maji ili sukari iwe nzito. Nikasema labda ni mvua. Akasema, mvua gani. Akajitanda leso, akachukua vibuyu, akaenda sokoni. Mbwa alimfuata mpaka mlango wa ua. Akamfukuza kwa mkono bila kumgusa, mbwa akarudi kulala.

Saa nane nikaitwa hospitali. Nilimkuta amefunikwa. Waliniambia ni moyo. Kama ingekuwa ni mimi niliyelala pale, yeye angetafuta daktari wa pili amwulize tena. Mimi sikuuliza.

Sasa ni mwaka mmoja na miezi minne. Mimi ni mtu wa ng'ombe, si mtu wa kalamu. Lakini kalamu ni yeye aliyenipa, kwa hiyo naandika habari zake.

Alizaliwa Korbesa. Baba yake, mzee Tadicha, watu walimletea ng'ombe waliookotwa, kwa sababu hakuna aliyeweza kumdanganya. Mtu akija kusema ng'ombe ni wake, mzee alimsimamisha ng'ombe nyuma ya boma, akaacha upande mmoja tu uonekane. Halafu akauliza: upande ule mwingine una nini? Mwenye ng'ombe anajua. Mwizi anaangalia mbele yake na kukisia. Gumato alikuwa mtoto, anashika kamba ya ng'ombe, anasikiliza. Nadhani ndipo alipoanza.

Hapa Kiwanjani, mjini Isiolo, wauza maziwa walimwita Mama Ukucha akiwa hayupo. Akiwapo walimwita Mama Abiba, kwa jina la binti yetu aliyeolewa Sericho. Hakumwamini mwenye mizani, wala dalali, wala mtu anayecheka kabla ya salamu. Lakini maziwa yake mwenyewe hakuyatia maji hata siku moja, na watu walijua hivyo, na walimngoja yeye hata kama wengine wamefika mapema.

Tulikuja mjini mwaka wa themanini na nne, ukame ulipomaliza ng'ombe. Tulibaki na mtamba mmoja na mbuzi watatu. Mtamba alikuwa wa Gumato, wa ukoo wa ng'ombe aliyepewa na baba yake siku ya harusi. Yeye alipata kazi ya maziwa. Mimi sikupata kitu. Mtu aliyezoea kutembea na ng'ombe arobaini nyuma yake, akiamka asubuhi hakuna kinachomfuata, hajui aende wapi. Nilikaa kwenye kibaraza cha duka la Irungu. Irungu hakunifukuza.

Siku moja mwaka wa themanini na tano alinifungia majani ya chai kwa karatasi ya gazeti. Kwenye karatasi kulikuwa na picha ya mbwa. Mweupe, amesimama, unaonekana ubavu wa kulia tu, ana doa jeusi begani na sikio moja jeusi. Nikasimama pale pale. Nilipokuwa nachunga kule Korbesa, kabla sijaoa, nilikuwa na mbwa wa hivyo. Nilimwita Adi, kwa lugha yetu ni mweupe. Doa lake lilikuwa pale pale begani. Alikufa kwa fisi, akiwa kati ya fisi na mimi.

Nikamwomba Irungu anisomee. Akasema ni tangazo, mbwa anauzwa Nairobi, ni mpole, ni mlinzi, anatumwa popote kwa basi. Unaandika barua kwa sanduku la posta. Jina la mtu hakuna, imeandikwa Meneja tu. Irungu akaniandikia barua, kwa sanduku lake.

Jibu lilikuja upesi. Meneja alisema nina bahati, mbwa bado yuko. Nitume nusu ya bei kwa posta, mbwa apandishwe basi.

Nikamchukua mbuzi mmoja mpaka mnadani nikamwuza. Pesa nikazituma. Gumato alipouliza mbuzi yuko wapi, nikasema amepotea.

Sikufikiri atamtafuta. Alimtafuta siku mbili. Alishuka mtoni, akapita maboma ya watu, akarudi miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Jioni ya pili alikaa chini bila kusema. Nikadhani amechoka.

Mbwa hakuja. Ikaja barua. Meneja alisema mbwa lazima adungwe sindano, apate cheti cha daktari, na sanduku la mbao la kusafiria, na kwamba kuna mtu wa Nanyuki anamtaka mbwa huyo huyo, amekuja na pesa mkononi, lakini yeye Meneja ananifikiria mimi. Nitume haraka. Nilipohesabu alichotaka, hakukuwa na njia ila mtamba.

Ikabidi nimwambie.

Alikuwa anafukiza vibuyu kwa kaa la moto. Nilieleza mambo ya mbwa, nikaeleza mtamba, nikaruka mambo ya mbuzi. Hakuinua kichwa. Alitikisa kibuyu, akamwaga kaa, akasema:

"Mbuzi wetu alikuwa na doa jeupe chini ya shavu la kushoto. Ndilo nililowaelezea watu siku mbili. Mtu wa mnadani akaniambia, mama, huyo mbona aliletwa na mume wako."

Akachukua kibuyu kingine.

"Nilingoja uniambie," akasema.

Nikamwomba radhi. Nilifikiri sasa atakataa mambo ya mbwa, na ingekuwa haki yake. Hakukataa. Aliniuliza kama nimemwona huyo mbwa. Nikamwonyesha karatasi ya gazeti, nilikuwa nayo mfukoni, imechakaa kwa kukunjwa. Akaiangalia, akaigeuza nyuma, huko kulikuwa na tangazo la sabuni. Akanirudishia.

"Hapa ni upande mmoja," akasema. "Mwulize wa kushoto."

Irungu akaandika kwa jina langu: mzee Jirma anataka kujua mbwa yukoje upande wa kushoto, ndipo atume pesa. Irungu aliona ni mchezo. Alisema watu wa Nairobi hawaulizwi hivyo. Gumato akamwambia aandike tu, na asiongeze maneno yake.

Jambo lingine alilofanya sikulijua. Alikwenda kwa Jemimah, mwalimu wa ngumbaru, mama wa Kimeru aliyefundisha watu wazima kusoma. Alimwomba aandike barua kwa Meneja yule yule, kwa jina lake mwenyewe na sanduku la shule, kama mtu mwingine anayemtaka mbwa wa picha. Naye aulize upande wa kushoto.

Wiki hizo mbili hatukuongea sana. Mimi nilikuwa namtazama mtamba, na yeye alikuwa ananitazama mimi. Wakati mwingine nilimwona Meneja kama mtu mbaya. Wakati mwingine nilimwona Gumato kama mtu mbaya, kwamba hakuna kizuri kinachoweza kuingia nyumba yenye mtu wa aina hii. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofikiri.

Barua zilipofika, Gumato akawaita Irungu na Jemimah nyumbani kwetu alasiri. Irungu akasema habari, akaketi kwenye kiti. Jemimah akaketi kwenye jamvi na Gumato. Mimi nilisimama. Chai ikamiminwa.

Irungu akasoma yangu kwanza. Upande wa kushoto, alisema Meneja, mbwa ni mweupe mtupu, safi kama maziwa, hana hata alama. Moyo wangu ukapanda. Adi pia alikuwa hivyo.

Halafu Jemimah akafungua yake. Hapo Meneja alisema upande wa kushoto mbwa ana doa jeusi tumboni, kubwa kama sahani, na ndilo linalomfanya awe wa thamani. Na kwamba Jemimah afanye haraka, kuna mzee wa Isiolo anamtaka mbwa huyo huyo, amekuja na pesa mkononi.

Hakuna aliyecheka mara moja. Irungu akachukua karatasi zote mbili, akaziweka pamoja kwenye goti. Akasema mwandiko ni mmoja. Hata wino ni mmoja.

"Labda ana mbwa wawili," akasema.

"Na picha moja?" Gumato akauliza.

Basi Irungu akacheka, akatikisa kichwa. "Mama Abiba, wewe ungekuwa polisi, sisi wenye maduka tungehama."

"Ungeanza wewe na sukari yako."

Jemimah alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi nilitoka nje. Mtamba alikuwa amefungwa pale uani, anatafuna. Nikamshika sikio. Hakuuzwa. Alizaa mwaka uliofuata, na maziwa ya kwanza Gumato aliyaweka kwenye ukucha wake, akacheka peke yake.

Meneja hakuacha. Ilikuja simu ya maandishi kupitia posta, maneno machache: mbwa mgonjwa kwa sababu ya kuchelewa kwangu, tuma pesa za dawa. Nilijua ni uongo. Lakini siku hiyo sikula vizuri. Nilimwambia Gumato, je, kama yuko kweli, na anaumwa? Hapo mtu mwingine angenicheka. Yeye hakunicheka. Alinisogezea sahani.

Jemimah aliandika kwa watu wa gazeti. Hawakujibu. Pesa ya mbuzi haikurudi.

Habari zilizunguka mtaani, na watu wakaanza kumletea Gumato barua zao, yeye ambaye hakujua kusoma. Jirani yetu Luul alikuja na barua ya mtu wa mbali anayeuza kasuku anayesema shahada. Gumato alimwuliza Luul kama huyo mtu amemharakisha. Luul akasema ndiyo, anasema wiki hii tu. Akamwuliza kama alitaka pesa kwanza. Ndiyo. Akamwambia amtume mtu anayekwenda huko, amsikie kasuku kwa masikio yake, na kama hakuna mtu wa kutumwa basi hakuna kasuku. Luul alikasirika siku tatu. Baadaye alimletea Gumato ndizi.

Mimi nilimwuliza siku moja nani alimfundisha kuuliza kwa vinywa viwili, maana baba yake aliuliza kwa kimoja. Akasema hakufundishwa. Akasema nilipopeleka posa kwao, alituma watu wawili wasiojuana wakaulize habari zangu, mmoja kisimani, mmoja kwenye malisho. Nikamwuliza walisema nini. Akasema wote walirudi na jibu moja, kwamba nina ng'ombe wachache na sisemi uongo. Aliposema hivyo tulikumbuka mbuzi, sote wawili, na mazungumzo yakaisha.

Baada ya hapo ndipo alinipeleka ngumbaru. Alisema haiwezekani barua yangu isomwe na mwenye duka, halafu mimi niamini kilicho ndani. Nilikuwa na miaka sitini na kitu. Nilikaa kwenye dawati la watoto, magoti kifuani, na wanawake wa sokoni wakanicheka. Kila siku nikirudi alinishika: umesoma nini? Nikimwambia, siku ya pili alikwenda kumwuliza Jemimah kama ni kweli.

Halafu ilikuwa siku ya Jumatano. Alirudi kutoka kwenye lori la Sericho, alikokwenda kupokea siagi aliyotumiwa na Abiba. Nilimwona kwa mbali anakuja akiwa na fimbo ndefu mkononi. Mwisho wa fimbo kulikuwa na kamba, na mwisho wa kamba mbwa. Gumato alikuwa mtu wa udhu wake, hakutaka mbwa amguse hata kwa pua, na jua lilikuwa kali, na alikuwa ametembea mji mzima hivyo, fimbo mbele, na watu wanauliza, Mama Abiba, nani anamchunga mwenzake.

Mbwa alikuwa wa rangi ya udongo. Sikio moja limekatwa. Mguu wa nyuma haukufika chini vizuri. Hakufanana na Adi hata kidogo. Alikuwa amekuja na lori lile, na mwenye lori alitaka kumwacha njiani.

Nikachuchumaa. Mbwa akanusa mkono wangu, akaja akalala kwenye miguu yangu kama amefika kwake. Nikainua macho nimwulize Gumato. Alikuwa anafuta jasho kwa leso, amesimama mbali na mbwa, hatua tatu.

"Nimemzunguka mara tatu," akasema. "Ana kasoro nyingi, lakini zote nimeziona."