Kusalimia Dunia Isiyoitikia

Kama kuna kitu ninachokidharau kuliko uji wa shule, ni neno "rahisi". Mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu, neno hilo lilifika shuleni kwetu huku Nyang'hwale likiwa limevaa fulana ya mradi na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenye vumbi letu. Nikajua palepale kwamba huyu mtu hajui kupanga hatua.

Alikuwa kijana wa mjini, ametumwa kutufundisha kuandika programu za kompyuta. Mashine zilikuwa chache na sisi wengi, kwa hiyo siku ya kwanza akatangaza sheria: atakayeshindwa zoezi la wanaoanza hadi Ijumaa atampisha mwenzake kiti.

"Ni rahisi sana," akasema. "Hata mtoto anaweza."

Nimechunguza. Anayesema hata mtoto anaweza, huwa hana mtoto.

Zoezi lenyewe: andika mstari mmoja, bonyeza, kompyuta itoe maneno "Habari, dunia". Basi. Alisema ndivyo wanavyoanza watu wote duniani, akajisikia kama vile yeye ndiye aliyewaanzisha. Yaani wakubwa wenye akili walikaa, wakakuna vichwa, wakaona jambo la kwanza la kuifundisha mashine ni kusalimia watu isiowaona na kuondoka bila kusubiri jibu. Kwetu mtu akikurushia salamu huku anapita, unamuuliza kama ng'ombe wake wamepotea au tumbo linamuuma. Bibi yangu wa Kishapu akikusalimia kwa Kisukuma "mwangaluka" asubuhi, huondoki mpaka ajue wewe ni mtoto wa nani.

Mimi niliandika huo mstari huku natafuna karanga. Nikasifiwa. Nimewahi kusifiwa kwa mambo makubwa zaidi, kama kunyamaza.

Jirani yangu hakuandika. Ni msichana wa Mwakitolyo, mama yake huwapikia wachimbaji wa dhahabu. Kwao hakuna kompyuta wala simu ya kugusa. Akikosa kile kiti, kompyuta ndiyo imeishia hapo.

"Andika tukale," nikamnong'oneza.

"Dunia ni mkubwa wangu au mdogo wangu?"

"Nini?"

"Mkubwa huwezi kumwambia habari. Unampa shikamoo."

"Dunia ni ya zamani. Ipe."

Akaandika "Shikamoo, dunia", akabonyeza. Maneno yakatokea. Akasubiri. Na mimi kwa heshima nikasubiri naye.

"Haijaitikia," akasema.

Mwalimu alikuja, akachekea puani. "Hakuna marahaba hapa, dada. Imesema, imemaliza. Usilifanye gumu jambo rahisi." Akaifuta shikamoo yake yote. Kumfutia mtu shikamoo. Hata fisi ana mipaka.

Tangu hapo msichana akawa anauliza mengine: unaifanyaje kompyuta iulize swali, unaifanyaje ichague la kusema. Mwalimu akamjibu kila mara kwamba hayo ni magumu, ni ya mbele, si ya wanaoanza. Akayafuata mwenyewe kwenye kurasa za mwisho za kitabu. Alhamisi programu yake ikawa inakuuliza umri, mkubwa inampa shikamoo, wa rika lake inamwambia "mambo", kisha inakaa kusubiri uitikie.

Mwalimu akaiangalia kama mtu aliyeletewa chai ya chumvi. "Nilisema mstari mmoja. Kesho nataka mstari au kiti."

Ijumaa akaja na mkuu wa shule, mzee ambaye hata kengele ikilia huwa inamtazama kwanza. Alimleta kwenye mashine yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyefaulu. "Habari, dunia." Mkuu akasoma, akageuka nyuma.

"Ananisalimia mimi?"

"Hapana, Mkuu. Dunia."

"Na mimi nimesimama hapa."

Akahamia kwa jirani yangu. Skrini ikamuuliza: Una umri gani?

Darasa zima likamgeukia mkuu. Mzee haulizwi umri na mtoto, sembuse na kitu kilichokaa mezani. Mwalimu akaanza kumtazama mwanafunzi mmoja aliyekuwa anasubiri kiti pale dirishani.

"Nimekosea, Mkuu," msichana akasema. "Naomba kidogo tu." Akalifuta swali, akabadili na mistari iliyolifuata, akachapa swali jingine kwa vidole viwili: Wewe ni baba au mama wa nani?

Mkuu akaandika "Baba" na jina la mtoto wake wa kwanza. Skrini ikajibu: "Shikamoo, Baba", na jina la mtoto likafuata.

"Marahaba," mkuu akasema kwa sauti, akiiambia kompyuta. Ilibidi aonyeshwe pa kuiandika. Nilicheka ndani ya shati.

"Jaribu na wewe, Mwalimu," nikasema, kwa upole nisiokuwa nao.

Mbele ya mkuu angekataaje? Mtoto hana. Akaacha wazi, akabonyeza.

"Mambo," ikamwambia.

Akajikuna shingo. "Sawa, lakini mstari mmoja bado haujaandikwa. Sheria ni sheria."

Msichana akafungua ukurasa mpya, akachapa, akabonyeza. Habari, dunia.

"Ni huo tu?" msichana akamuuliza mwalimu.

"Ni huo tu."

"Siku zote hizi nilidhani kuna kitu sijakielewa."

Mkuu akamwambia aendelee kukaa, na yule wa dirishani atafutiwe zamu yake. Akakaa. Ule mstari hakuuhifadhi, aliufunga hivihivi, akarudi kwenye programu yake akiwa amekunja uso.

"Mwalimu, samahani. Mtu mzima asiye na mtoto nimtambue kwa swali gani, bila kumkosea heshima?"

Mwalimu akafungua mdomo. Nililiona lile neno lake "rahisi" likipanda kooni, likafika kwenye meno, likarudi. Akavuta kiti, akaketi karibu naye kufikiri. Viatu vyake kufikia siku hiyo vilishakuwa na rangi ya Nyang'hwale.