Herufi Nane, Wanaume Watatu

Amri ilikuja kwa barua pepe kutoka kwa mshauri wetu wa usalama, khawaja mmoja, yaani mzungu, aliyekaa Nairobi na kutulinda akiwa hukohuko. Kwa sababu ya hali ya Juba, aliandika, kamera na maikrofoni za kompyuta zote za shirika zizimwe. Zisizimwe juujuu. Zizimwe kule chini kabisa, kwenye mipangilio ambayo mashine huisoma kabla haijawaka vizuri, na mipangilio yenyewe ifungwe kwa neno la siri. Kompyuta zote za shirika wakati huo zilikuwa moja. Nyingine zilibebwa Desemba ile mapigano yalipoanza, pamoja na viti, sufuria na mlango wa choo.

Hiyo moja ilipona kwa sababu nilikuwa nimeibeba kwenda nyumbani Hai Cinema kumalizia ripoti. Ilikuwa laptopu nyeusi, nzito, betri yake imekufa zamani, kwa hiyo jenereta ikikohoa nayo inazima. Dishi la mtandao juu ya bati la ofisi yetu pale Amarat lilileta waya mmoja tu ndani, na waya huo ulichomekwa kwenye laptopu ile. Simu yangu yenye kamera ilibaki kwa askari wa kizuizi fulani, aliyenieleza kwa upole kwamba ilikuwa inanipa mzigo wa bure. Tangu siku hiyo nilitumia kisimu cha tochi.

Mimi nilikuwa karani, mpokea wageni na, kwa bahati mbaya, mtu wa kompyuta. Nilikulia ukimbizini Arua, ng'ambo ya mpaka, nikapelekwa sekondari Kenya, na huko nikasoma kompyuta muhula mmoja. Jambo hilo nililitaja kwenye usaili, halikusahauliwa tena. Shirika letu liligawa mbegu na majembe kwa wakulima ambao vita vilikuwa vimewafukuza mashambani mwao. Kwenye ripoti kazi ilienda vizuri sana.

Kuzima kamera si kazi. Unawasha mashine huku unagonga kitufe cha F2, skrini inageuka buluu, unashuka kwa vishale mpaka kwenye orodha ya vifaa: kamera, maikrofoni, matundu ya flashi. Kando ya kila kimoja kuna neno la kuruhusu au kukataza. Nilikataza viwili vya kwanza, nikafika kwenye neno la siri, na hapo nikauliza kwa sauti nani atalishika.

Tulikuwa na wakubwa watatu: meneja wa miradi, mhasibu na mkuu wa usafirishaji. Walitoka pande tatu za nchi, na tangu Desemba kila mmoja aliwashuku wenzake wawili. Ilikuwa shuku ya watu wenye adabu. Kila asubuhi waliulizana habari za watoto, kisha kila mtu akafungua droo yake iliyofungwa kwa kufuli lake mwenyewe.

"Asishike mtu mmoja," alisema mhasibu. "Mtu mmoja akiishika hiyo pasiwedi, ameishika ofisi."

"Basi aishike madam," alisema meneja, akininyooshea kidole.

"Na madam yeye ni wa nani?" aliuliza mkuu wa usafirishaji. Wote watatu wakanigeukia, na nikajua wanakitafuta kichwani kijiji cha baba yangu.

Meneja alikuwa ametoka juzi kwenye semina ya amani katika hoteli ya mtaa wa pili. Karibu kila wiki alikuwa na semina ya amani, na shingoni bado alikuwa na kitambulisho chake cha kamba. Akasimama akasema suluhisho ni kugawana. Neno moja, vipande vitatu, kila mtu na chake, na hakuna atakayeweza kuingia bila wenzake. Wakalipenda wazo hilo kuliko nilivyowahi kuwaona wakipenda kitu. Mkuu wa usafirishaji akauliza mashine inapokea herufi ngapi.

"Nane," nikasema.

Mhasibu akahesabu kwa vidole. Nane haigawanyiki kwa tatu. Nilipendekeza wachukue mbili mbili, zibaki mbili bila mwenyewe, nao wakanitazama kama mtu anayependekeza kuiacha ardhi nzuri ilale. Meneja alitaka tatu kwa sababu ya cheo. Mhasibu alitaka tatu kwa sababu ya majukumu. Mkuu wa usafirishaji alitaka tatu kwa sababu wao wanataka tatu. Mama wa chai alikuja akachukua vikombe, akarudi na vingine, akavichukua navyo. Mwishoni wakakubaliana: tatu, tatu, mbili, na yule wa mbili, ambaye ni mkuu wa usafirishaji, alipwe fidia kwa kupewa chaja aitunze. Alikubali, ila iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Niliandika.

Tukaingia kwenye utekelezaji. Mmoja anaketi kwenye kibodi, wengine tunageukia ukuta. Anaandika kipande chake, anakohoa, anayefuata anakuja. Tulipomaliza, mashine ikaomba neno lilelile kwa mara ya pili ili kuhakikisha. Wakarudia, mashine ikasema maneno hayalingani.

"Nani amebadilisha?" aliuliza mhasibu.

Hakuna aliyebadilisha. Kila mmoja aliapa, mmoja kwa kaburi la mama yake. Wakarudia tena, haikulingana tena, na sasa wakaanza kukumbushana mambo ya zamani ambayo hayakuhusiana na kibodi hata kidogo. Mara ya tatu ikakubali. Wakapeana mikono, wakakumbatiana, wakasema kalas, mambo yameisha. Meneja alitaka tupige picha ya kumbukumbu, akakumbuka kwamba kamera ndiyo tuliyoifungia. Nilicheka mpaka nyumbani, juu ya boda.

Niliacha kucheka mwaka uliofuata, nilipojifungua mtoto wa kiume.

Mama yangu alikuwa amebaki Arua. Vita vyote vya nchi hii alivikimbia mara moja, akasema hatarudi kukimbia tena. Kiswahili chake ni cha sokoni, alikokokota maisha yetu kwa kuuza samaki wakavu. Kisukari kilikuwa kinamla macho. Daktari alimwambia wazi kwamba yanaondoka na hayatarudi, na kwamba asipoteze nguvu kutafuta dawa. Mama hakulia. Alinipigia simu akasema anataka kuuona uso wa mjukuu wake kabla hayajafunga.

Nilimtumia picha ya studio ya soko la Konyo Konyo kwa basi. Aliisogeza mpaka ikagusa pua, akaniambia, "Hii ni karatasi tu, mwanangu. Mimi nataka mtoto." Kaka yangu alikuwa na duka la intaneti mjini Arua, lenye skrini kubwa, na mbele ya kitu kikubwa chenye mwanga mama bado aliweza kutofautisha sura. Kusafiri na kichanga kwenye barabara ile, ambako mabasi yalikuwa yakipigwa risasi, hakuna aliyenishauri. Mtandao wa simu wa Juba haukubeba video, kwa hiyo kilichohitajika ni kamera ya laptopu ya ofisi kuruhusiwa kwa nusu saa.

Nikaenda kwa meneja. "Kwa ajili ya mama? Mafi mushkila," alisema, hakuna tatizo. Mhasibu alisema yeye ndiye wa kwanza kuunga mkono. Mkuu wa usafirishaji alisema kwamba hata leo, hata sasa hivi. Wote walikuwa watu wema, na nasema hivyo bila kejeli. Shida ilikuwa kuwaweka chumba kimoja. Meneja akiwepo, mhasibu yuko Kampala kwa familia yake. Mhasibu akirudi, mkuu wa usafirishaji yuko kwenye bandari ya mtoni, ambako mbegu zetu zilikuwa zikisubiri chombo cha kuzipeleka kaskazini. Zilisubiri sana. Mvua iliponyesha, mbegu zikachoka kusubiri, zikaota ndani ya magunia, na yeye akazidi kushinda bandarini kuzilinda. Na popote alipo, chaja iko naye, ndani ya mfuko wa koti.

Niliwaomba waniambie vipande vyao, kila mmoja kwa siri yake, niviunganishe mwenyewe. Walishtuka. Meneja alisema hilo lingekuwa ni kuvunja makubaliano, tena kwa wakati mbaya kama huu. Akanishauri niandike ombi rasmi. Nikaandika: naomba kamera ya laptopu iruhusiwe kwa nusu saa, kwa sababu za kifamilia. Ombi likasainiwa na mmoja, likasubiri wa pili.

Mama alikuwa akinipigia kila Jumapili. "Hiyo mashine yenu bado iko na vita?" anauliza.

"Bado kidogo, mama. Wiki hii watakutana."

"Wewe nasema wiki hii, wiki hii. Macho yangu haijui wiki."

Nilikuwa nikikata simu na kukaa kitandani nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Kisha ukaja Julai, mji ukapigana tena. Tulilala chini ya kitanda, mimi na mtoto, na laptopu ikalala nasi. Ofisi ilifungwa. Mhasibu alitoka kwa ndege. Mkuu wa usafirishaji aliingia kambi ya walinda amani pamoja na chaja. Meneja alijificha kwa shemeji yake, na nilisikia kwamba hata huko alikuwa akiwasuluhisha watu.

Walirudi mmoja mmoja, wamekonda. Siku ya kwanza ambayo wote watatu walikaa meza moja, sikuwaachia nafasi ya kuulizana habari za watoto. Niliingia na mtoto mgongoni, nikaweka laptopu mbele yao, nikaweka na lile ombi. Nadhani niliwatisha. Chaja ikatoka mfukoni, jenereta ikawashwa, nikagonga F2, tukageukia ukuta kwa zamu. Tulifanikiwa kwa jaribio la kwanza, jambo lililowashangaza wao wenyewe.

Nikaruhusu kamera. Nikashuka kwenye maikrofoni.

"Hapana," alisema mhasibu. "Ombi linasema kamera."

"Maikrofoni inasikia mambo ya ofisi," alisema mkuu wa usafirishaji. "Hilo linahitaji kikao."

Ningeweza kubisha. Nikasema potelea mbali, maneno tunaongea na mama kila Jumapili, anachotaka ni kuona. Nikahifadhi, mashine ikawaka upya, na taa ndogo juu ya skrini ikapata uhai. Wale watatu waliiona taa hiyo na mara moja wakarudi kwenye ukuta. Walikuwa hawawezi kuondoka, maana lazima wafunge wote pamoja, na hakuna aliyetaka kuonekana na kamera iliyo wazi. Wakasimama hapo, migongo mitatu.

Kaka alipokea. Mama alikuwa ameketishwa katikati ya skrini, amevaa gauni lake la kanisani, kitambaa kichwani kimefungwa kwa mapambo. Nilimfungua mtoto mgongoni, nikamwinua mbele ya kamera, nikamgeuza ili aonekane uso wote.

"Mtoto iko wapi?" alisema mama. Sauti yake ilijaa ofisi nzima.

Alikuwa anatazama pembeni. Kaka alimshika kidevu taratibu, akamgeuza. "Hapa mbele, mama."

"Mimi iko naangalia," alisema mama, na macho yake yakateleza tena kwenda upande wa dirisha. Alitabasamu, tabasamu la mtu anayepigwa picha. "Mzuri. Mtoto mzuri sana."

Mtoto alikuwa ameshageuka kunivuta nywele. Kilichokuwa mbele ya mama ni kisogo chake, na hata hicho hakukiona. Kaka aliinama karibu na kamera akatikisa kichwa mara moja. Nilimwita mama. Nilimwita kwa nguvu, nikasahau kwamba hanisikii. Nilitaka kuivunja ile mashine. Sijawahi kutaka kuvunja kitu namna ile.

Nikatoa kisimu cha tochi nikampigia. Nikamwona kwenye skrini akipapasa kifuani, akaitoa simu kwenye fundo la leso, akaiweka sikioni. Nami nikaiweka yangu mdomoni kwa mtoto. Kwanza alihema tu, akailamba. Kisha akaona namnyima kuitafuna, akaangua kilio cha kuamsha mtaa.

Mama akafumba macho. Tabasamu la picha likamtoka, uso wake ukawa uso wake.

"Hiyo ni kilio ya baba yako," alisema. "Acha. Usinyamazishe yeye."

Sikumnyamazisha. Nililia naye. Nyuma yangu mhasibu akakohoa, akauliza bila kugeuka kama nimemaliza, kwa sababu mafuta ya jenereta yanakwisha na wao hawawezi kusimama hivi mpaka jioni, huku wakionwa.

"Mnaweza kugeuka," nikawaambia. "Mama yangu haoni."